Marando Kwenye Friji la Soda

Siku ya kuniaga mlinipa kanga doti mbili, saa ya ukutani na hotuba tano. Kanga nimeshazivaa, saa inatembea, hotuba zimeisha salama. Mkaniomba pia niandike niliyoyapitia kazini, ili nyinyi mnaobaki mpate la kujifunza. Nimekaa hapa nyumbani Somanda wiki tatu natafuta jambo la maana la kuandika, na kila nikishika kalamu ninachokiona mbele yangu ni friji la soda. Basi nitaandika habari za friji. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini, faili langu lipo ofisini, kabati la pili, chini ya makopo ya rangi.

Ila habari za friji hazieleweki bila habari za baridi, na baridi sikuijulia huku. Mimi ni mtoto wa Ngulyati. Kwetu sisi baridi ni ile ya mwezi wa sita, unajifunika shuka moja na asubuhi unalalamika. Nilipomaliza chuo cha kilimo wakanipangia kazi Makete, kwenye shamba la mbegu za viazi mviringo. Mama akaniuliza kama huko nako ni Tanzania hii hii. Nikamcheka, nikafunga begi, na nikashuka kwenye basi Makete nimevaa kandambili. Watu wa stendi walitazama miguu yangu kama wanavyotazama ajali.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Sanga, fundi wa maabara. Mfupi, koti la sufi halimtoki mwilini, na mdomo wake haukuwa na breki. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye darubini moja, friza dogo linalonguruma, na meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Siku ya kwanza hakunionyesha kitu chochote zaidi ya mahali pa kununua soksi. Siku ya pili akanipa kisu na lenzi ya mkononi. "Bibi shamba asiye na kisu ni mgeni wa shamba," akaniambia. Kisu kile ninacho hadi leo, mpini nimeubadilisha mara mbili.

Wiki ya tatu, alfajiri, akanigongea mlango. "Wewe Msukuma, toka uone!" Nikatoka nimejifunika blanketi. Shamba lote lilikuwa jeupe. Umande ulikuwa umeganda juu ya kila jani, ukikanyaga nyasi zinalia chini ya kiatu. Nikaenda kwenye tuta la kwanza, nikagusa jani la kiazi. Lilikuwa gumu kama karatasi, lakini kijani kabisa. "Afadhali," nikasema, "yamepona." Mzee Sanga akanitazama kwa huruma. "Subiri jua," akasema.

Jua likatoka. Ilipofika saa tatu, yale majani yalikuwa yamelegea, yameiva, meusi, kama mboga iliyotoka kwenye sufuria. Upande wa pili wa mfereji alikuwepo mama mmoja jirani yetu, amesimama katikati ya shamba lake la viazi, mikono kichwani. Mimi nililia. Naandika hivyo bila aibu, maana mtu ambaye hajawahi kulilia shamba la mtu mwingine sijui anafanya nini kwenye kazi hii.

Mzee Sanga hakunibembeleza. Alinipeleka maabara akatoa bitiruti mbili, ile mizizi myekundu wanayotia kwenye juisi. Moja akaiweka kwenye friza, nyingine akaiacha mezani. Kesho yake akakata kipande cha kila moja, akavisuuza vizuri, akavitumbukiza kwenye glasi mbili za maji. Maji ya kile kipande cha mezani yalibaki karibu meupe. Ya kile cha friza yakawa mekundu mbele ya macho yangu.

"Rangi imetokea wapi?" akaniuliza.

"Ndani ya seli."

"Kwa nini jana ilikuwa haitoki?"

Hakuningoja nijibu. Akanieleza, na maelezo yake nimeyatumia maisha yangu yote. Kila seli ya mmea, alisema, imezungukwa na utando mwembamba sana wa mafuta, na utando huo ndio mlinzi wa mlango: huyu apite, huyu abaki. Baridi ya kugandisha ikija taratibu, barafu huanza nje, katika nafasi zilizopo kati ya seli na seli. Barafu ina kiu. Inavuta maji kutoka ndani ya seli, na seli inanywea, utando unakunjamana, unapoteza vipande. Jua likitoka barafu inayeyuka, maji yanarudi ndani kwa pupa, na ule utando uliopungua hauwezi tena kutanuka kama zamani. Unapasuka. Mlinzi amekufa, kila kilichokuwa ndani kinamwagika. Na kama baridi imekuja kwa haraka mno, barafu huota ndani ya seli yenyewe, na hapo hakuna cha kujadili.

"Kwa hiyo pale alfajiri uliposema yamepona," akamalizia, "ulikuwa unamsifia maiti kwa kuvaa vizuri." Ndivyo alivyokuwa akiongea. Mkewe alikuwa ananihurumia.

Lakini kabichi zetu, bustani ile ile, baridi ile ile, hazikufa. Zililala kidogo, saa nne zikasimama. Tena wenyeji walisema kabichi iliyopigwa na baridi ndiyo tamu. Nilipomuuliza Mzee Sanga kisa chake, akajibu kwa swali: "Ile samli ya mama yako bado ipo?"

Ilikuwepo. Mama alikuwa amenitumia chupa ya samli kutoka kwetu, ya maziwa ya ng'ombe wetu wenyewe, na tangu ifike Makete ilikuwa jiwe, naichimba kwa kijiko. Akaiweka mezani pembeni ya chupa ya mafuta ya alizeti. Samli imekufa ganzi, alizeti inacheza. "Yote mafuta," akasema. "Mmea wa nchi ya joto, utando wake una mafuta ya tabia ya hii samli yenu. Kabichi inapoona siku za baridi zinakuja, inabadilisha mafuta ya utando wake yawe na tabia ya alizeti, na inajaza sukari ndani ili maji yake yasigande upesi. Ndiyo utamu wenyewe huo. Ila inataka siku za kujizoeza. Ukiitoa kwenye joto ukaitupa kwenye barafu siku hiyo hiyo, inakufa kama viazi."

Nikaandika yote kwenye daftari. Mzee Sanga akapasha samli yangu moto akala robo chupa na ugali, ada ya somo. Laiti ningeliandika kwenye kichwa changu na si kwenye daftari tu.

Miaka ikaenda, nikahamishiwa nyumbani. Sitawachosha na habari za pamba na dengu, hizo mnazijua kuliko mimi. Nilirudi Bariadi na pikipiki ya idara, kisu changu, lenzi yangu, na kiburi kimoja kikubwa: mimi ndiye niliyeijua baridi. Kwenye semina, mtu akitaja ubaridi nanyoosha shingo.

Sasa niwatambulishe Mama Minza. Mkulima wa Ngulyati, mjane, watoto watano, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikuwa na mbegu ya viazi vitamu aliyoachiwa na marehemu mama yake, Limi, na watu waliviita vya Limi. Majani yake yana vidole, na mgongoni mwa jani kuna mshipa wa zambarau. Viazi vyenyewe ni vikavu, vitamu, na michembe yake, yaani vile vipande vilivyokaushwa juani, inakaa hadi msimu mwingine bila kupoteza ladha. Watoto wake walikuwa wanavuka kiangazi kwa michembe hiyo. Watu walimwomba marando, yaani yale mashina yanayotambaa, wakapande, na yeye akawa anatoa visingizio. Kwetu mbegu ya viazi haiuzwi na hainyimwi, kwa hiyo walimsema. Hakujali. "Hiki ndicho nilichobaki nacho cha mayu," alikuwa anasema, yaani mama.

Kila kiangazi aliyahifadhi marando kwenye kijishamba cha bondeni, karibu na kisima. Mwaka mmoja, miaka kumi na kidogo iliyopita, kisima kilikauka na ng'ombe wa watu wakaingia bondeni. Alipofika alikuta mengi yameliwa, yamebaki ya pembeni tu. Akayakata yaliyosalia, akayafunga kwenye gunia, akaja nalo ofisini kichwani.

"Mwadila, bibi shamba."

"Mwadila, mayu. Mhola?" Nikaitikia salamu, nikamuuliza kwa Kisukuma kama ni kwema.

"Hakuna mhola hapa," akasema, akalishusha gunia miguuni pangu. "Mvua bado. Haya nikiyapanda leo yanakufa, nikiyaacha yanakufa. Wewe umesoma. Yatunze."

Vijana wangu, jibu sahihi lilikuwepo, na kila bibi wa Ngulyati alikuwa nalo: yachomeke nyuma ya bafu, mahali maji ya kuogea yanapotokea, basi. Lakini jibu lile halikuwa na elimu ndani yake. Mimi nikafikiria Makete, tulivyokuwa tunatunza mbegu za viazi kwenye ghala la ubaridi. Nikafikiria kabichi. Nikasema, kwa sauti ile ya semina: "Tutayaweka kwenye friji. Siyo friza, mayu, friza linagandisha na kupasua. Friji. Yatalala tu, mvua ikija tunayaamsha."

Mama Minza akalitazama gunia lake. "Yatalala?"

"Yatalala."

"Haya."

Friji lilikuwa la Rajabu, mwenye duka hapa Somanda, friji la soda lenye mlango wa kioo. Rajabu hakulipenda wazo lenyewe. "Bibi shamba, wateja wakiona majani humu watadhani nauza dawa za kienyeji," akasema. Lakini ni mtu mwema, akaondoa kreti la chini. Mzigo ukajaa ukabaki mwingine kidogo, mkewe Bi Zuhura akauchukua akasema atajua pa kuuweka. Sikuuliza ni wapi. Mtaalamu haulizi mambo madogo.

Siku ya nane wingu likafunga. Tukaenda dukani mimi na Mama Minza. Marando yalikuwa mabichi, kijani, yanang'aa. Yale yaliyogusana na bati la nyuma yalikuwa yamekakamaa kidogo. Rajabu akaeleza kwamba joto la wiki ile lilikuwa kali, watu walitaka soda ya baridi, kwa hiyo alikuwa amezungusha kitufe cha ubaridi hadi mwisho. Sikujali. "Unaona?" nikamwambia Mama Minza. "Kijani kabisa. Yamepona."

Nilisema neno lile lile. Miaka yote ile, na nikalisema tena, kwa mdomo huu huu.

Tulipofika Ngulyati, yale ya nyuma yalikuwa mlenda. Ukishika yanavuja maji, meusi. Hayo niliyaelewa mara moja, barafu ilikuwa imeyapata. Yale ya mbele yalikuwa mazima na tuliyapanda, Mama Minza na watoto wake na mimi, mvua ikitunyeshea, tunaimba. Siku ya tatu akanipigia simu, akasema njoo. Nikakuta matuta yamepangwa vizuri, udongo umelowa vizuri, na kila rando limelala chini likiwa la kahawia. Barafu haikuyagusa haya. Baridi peke yake ilitosha. Kiazi kitamu ni mtoto wa joto, utando wake ni samli, na samli haingoji barafu ndipo ife ganzi. Kabla maji hayajaganda, utando umeshakaza, mlinzi wa mlango hafanyi kazi, na uharibifu unajionyesha ukishalirudisha jani kwenye joto. Hata kule kujizoeza kwa kabichi, kiazi hiki hakikujui. Somo hili nilipewa kwa chupa ya samli ya mama yangu mwenyewe.

Nilikaa chini kwenye tuta. Nikamweleza Mama Minza yote, samli, alizeti, utando, sikumficha kitu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua."

"Ulijua, ukasahau."

"Ndiyo, mayu."

Sauti yake, ile ya kuitia ng'ombe, ilitoka kidogo tu. "Mama yangu nilimzika mara moja. Leo umenizikia mara ya pili." Akachukua jembe lake akaenda zake nyumbani. Watoto wakamfuata. Mimi nikabaki na mvua, na mvua ilikuwa nzuri sana, ndiyo iliyoniuma zaidi.

Wiki zilizofuata nilizunguka kuitafuta mbegu ile. Nilifika hadi Mkula kwa mdogo wake Mama Minza, nikakuta viazi vya kila namna, vya Limi hakuna. Kila nilipouliza jibu lilikuwa moja: "Tulimwomba akatunyima." Nikawa naamka na jambo hilo, nalala nalo. Ofisini niliandika kwenye ripoti "upotevu wa vipando", maneno mawili mazuri ambayo hayana mtu ndani yake. Ripoti ni kitu cha ajabu, mtu unaweza kujificha humo na viatu vyako.

Siku moja nikapita kwa Rajabu kununua sukari. Bi Zuhura akatoka ndani amekunja uso. "Bibi shamba, yale majani yako nifanyeje nayo? Yameziba njia ya maji."

"Majani gani?"

"Si yale yaliyobaki, yasiyoenea kwenye friji! Niliona haya kutupa mali ya mtu, nikayachomeka nyuma, pale ninapomwagia maji ya vyombo. Sasa yananikosesha raha."

Nilipita ndani ya nyumba ya watu bila hodi. Nyuma, kwenye matope ya maji ya vyombo, kulikuwa na marando saba, yametambaa hadi ukutani, yamenona, hayana habari na mtu. Nikageuza jani. Mshipa wa zambarau. Nikatoa lenzi nikatazama tena, ingawa lenzi haikuhitajika kabisa, mikono yangu tu ilihitaji kazi. Halafu nikamkumbatia Bi Zuhura akiwa na sufuria mkononi, maskini, hajui kosa lake ni lipi. Friji la Rajabu limeua, na maji machafu ya mkewe yameponya, na hapakuwa na mtaalamu hata mmoja karibu.

Niliyapeleka Ngulyati saa ile ile, kwenye gunia lililoloweshwa. Mama Minza alikuwa anapeta mtama. Hakuitikia salamu. Nikafungua gunia. Akachukua jani, akaligeuza, akalinusa, akapitisha kidole kwenye mshipa.

"Yamelala kwenye friji, haya?"

"Hapana, mayu. Kwenye maji ya vyombo."

Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, nami nikamfuata, majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Walipojua ni nini, yule mwanamke aliyeitwa mchoyo kijiji kizima alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Manne akayapanda nyuma ya bafu lake. Matatu akawapa majirani watatu, moja moja. "Mnitunzie," akawaambia. "Na mkiombwa, msinyime."

Msimu ule watoto wake hawakula michembe ya Limi, na hilo sikulisahau, msinipongeze haraka. Ila miaka iliyofuata mbegu ilitembea, leo iko Ngulyati yote na imeshafika Mkula. Mimi nikafundisha watu maji ya bafu, na kwa wenye viazi vilivyokomaa, kuvilaza kwenye beseni la mchanga mkavu ndani ya nyumba, halafu kuvichipuza mvua ikikaribia. Na mnajua watu wetu walivyo. Ile mbegu haiitwi tena vya Limi. Inaitwa Friji. Nimewahi kupita mnadani nikasikia mama anatangaza, "Michembe ya Friji hii hapa!" nikavuta kanga usoni.

Mama Minza tulisalimiana vizuri miaka yote hiyo, lakini aliniita bibi shamba, tu. Siku mnaniaga mlimwona, yule mama mzee aliyefika hotuba ya nne inaendelea, amebeba furushi lililolowa likidondosha maji kwenye zulia la ukumbi, na mmoja wenu akataka kumzuia mlangoni. Hakupewa nafasi ya kusema, na kwa sauti yake hakuihitaji. Alinisogelea akanipa furushi.

"Mimi sijaviita Friji hata siku moja," akaniambia. "Kwangu ni vya Limi. Lakini jana nilitembea kuhesabu nyumba zinazovilima, nikachoka kabla hazijaisha. Mikononi mwangu mama alikuwa na shamba moja tu. Shika, Kabula. Sasa na wewe ni mwenye mbegu."

Alinitaja jina. Ndiyo maana hotuba ya tano sikuisikia, anisamehe aliyeitoa.

Marando ya furushi lile nimeyachomeka nyuma ya bafu. Jirani alikuja jana kuomba, nikamkatia matatu. Friji langu lina maji ya kunywa na soda mbili, na kila nikilifungua naangalia vizuri kama hakuna kingine.